Miwani, mrija na mapezi: ununue nini kabla ya kwenda kuogelea baharini?

Swali la wiki hii limetoka Mabwerebwere. Mama mmoja, mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa, alitupigia simu tukiwa hewani katika kipindi cha asubuhi. Kikundi chake kina wanachama 14. Wamegawana faida ya mwaka, na wamekubaliana kwamba safari hii sehemu ya pesa iende kwenye matembezi: wapande treni Kilosa, washuke Dar es Salaam, kisha wavuke na boti hadi kisiwa cha Mbudya wakaogelee na kutazama samaki.

"Wanangu," alituambia, "nimetumiwa picha kwenye simu. Miwani, bomba la kupumulia na viatu kama miguu ya bata, vyote kwenye mfuko mmoja. Muuzaji anasema tukichukua seti 14 atatupunguzia bei. Tununue au tuache?"

Tukamuuliza: "Mama, katika hao 14, wangapi wanajua kuogelea?"

Akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Watatu. Wa nne anasema anajua, ila hatujawahi kumwona."

Tulicheka sote, yeye na sisi studio. Lakini jibu lake ndilo lililotufanya tusimwambie haraka nunua au usinunue. Muda wa kipindi ulikuwa umekwisha, tukaahidi kuandika hapa kwa kirefu. Tunajua pia si kikundi chake pekee chenye mpango kama huo.

Kwa nini swali hili limekuja sasa

Sisi wa Kilosa na Mikumi si watu wa bahari. Tumekulia kati ya mito, mashamba ya mkonge na milima, na wengi wetu bahari tuliiona kwa mara ya kwanza tukiwa watu wazima. Safari ya pwani ilikuwa ya basi, ya kuamka alfajiri na kufika umechoka.

Treni ya SGR imebadilisha hesabu hiyo. Ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na tarehe 25 Julai mwaka huo huo ikaendelea hadi Dodoma kwa njia inayopita Kilosa. Leo kikundi kinaweza kupanga siku mbili za pwani bila kuuza mbuzi.

Kuna jambo lingine kuhusu tarehe hiyo ya 25 Julai. Ndiyo siku ambayo Umoja wa Mataifa, kwa azimio lililopitishwa mwaka 2021, umeiweka kuwa Siku ya Kimataifa ya Kuzuia Vifo vya Kuzama Maji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 pekee watu wapatao 300,000 duniani walikufa kwa kuzama. Hatusemi hivyo kuwatisha wenye tiketi mkononi. Tunasema kwa sababu kifaa cha kuogelea kina tabia moja mbaya: kinamfanya asiyejua ajione anajua.

Seti hiyo inafanya kazi gani?

Mchezo wenyewe ni rahisi kuuelewa. Unaelea kifudifudi juu ya maji, uso umeuzamisha, unatazama chini samaki na matumbawe, na unapumua kwa mdomo kupitia mrija ambao ncha yake imetoka juu ya maji. Huzami. Mzamiaji wa mitungi ya hewa ni mtu mwingine kabisa mwenye mafunzo yake. Wewe unaelea tu.

Kwa kazi hiyo kuna vitu vitatu: miwani ya kuzamia, mrija wa kupumulia ambao wauzaji wengi huuita snokeli, na mapezi ya miguuni. Muuzaji huvifunga pamoja kwa sababu vikiwa pamoja vinauzika. Mnunuzi anapaswa kuvitenganisha, kwa kuwa umuhimu wake haulingani. Ushauri wetu kwa kifupi ni huu: pesa yako ya kwanza iende kwenye miwani, ya pili kwenye mrija, na ya mwisho kabisa, ikibaki, kwenye mapezi. Na kama hujui kuogelea, kabla ya vyote hivyo hakikisha una jaketi okozi.

Miwani: uso wako ndio kipimo

Ukifungua macho ndani ya maji bila miwani, kila kitu huonekana kama kimefunikwa na ukungu. Sababu ni kwamba jicho letu limeumbwa kuona hewani. Sehemu ya mbele ya jicho hupinda mwanga unaotoka hewani ili picha ikae sawasawa ndani. Maji yanapogusa jicho moja kwa moja, mwanga haupindi vya kutosha na picha inavurugika. Miwani inarudisha hewa kidogo mbele ya jicho, na mambo yanakuwa safi. Ila ujue kwamba kwa kupita kwenye kioo hicho, vitu huonekana vikubwa zaidi kwa karibu theluthi na karibu zaidi kwa kama robo ya umbali. Samaki utakayewasimulia watu nyumbani, mpunguze kidogo.

Usichanganye miwani hii na vile vijiwani vidogo vya kuogelea kwenye bwawa, vinavyofunika macho mawili na kuacha pua nje. Vile vinafaa kuogelea juu juu. Ukienda chini hata mita mbili, maji hukandamiza hewa iliyomo ndani na vijiwani huvuta macho kwa nguvu. Miwani ya kuzamia inafunika na pua, hivyo unaweza kupuliza hewa kidogo kwa puani na mkandamizo ukaisha. Pia pua ikiwa ndani huwezi kuvuta maji kwa bahati mbaya.

Sasa, jinsi ya kuchagua. Bei haiwezi kukuambia kama miwani itakufaa, na picha ya kwenye simu haiwezi kabisa. Kinachoamua ni umbo la uso wako. Dukani fanya hivi:

Kwanza, irudishe mikanda nyuma au ipandishe juu ya kioo ili isikusaidie. Weka miwani usoni kwa mkono, bila kuikandamiza, na hakikisha hakuna unywele ulioingia chini ya ukingo wake.

Pili, vuta hewa kidogo kwa pua, kisha achia mkono. Miwani inayokufaa itabaki imenata usoni yenyewe maadamu hujatoa pumzi. Ikianguka, au ukasikia hewa inapenya pembeni ya jicho au juu ya mdomo, irudishe. Usikubali ukiambiwa "utakaza mkanda, itakaa." Mkanda hauzibi pengo. Ukikazwa sana ndio kwanza unapinda ukingo, maji yanaingia, na jioni una alama usoni kama umepigwa.

Tatu, weka mrija mdomoni huku umevaa miwani. Uso hubadilika umbo mdomo unapofunguka, na miwani iliyokaa vizuri mwanzo inaweza kuachia.

Nne, gusa ukingo wake. Silikoni ni laini, inanyumbulika na kurudi, nayo hudumu miaka mingi. Plastiki ya kawaida ni ngumu kidogo, hung'aa, na baada ya muda hukakamaa na kupasuka. Kwa uso wenye mifupa ya mashavu iliyochomoza, silikoni ndiyo inayofuata umbo vizuri.

Tano, soma kioo. Kizuri kimeandikwa kwamba ni kioo kilichoimarishwa, kile ambacho kikivunjika hakitoi vipande virefu vyenye ncha. Kioo cha plastiki hukwaruzika haraka na hushika ukungu zaidi. Miwani yenye kioo kimoja na yenye vioo viwili zote zinafaa. Rangi ni ya kupenda mwenyewe, ingawa anayeogopa sehemu zenye giza hujisikia vizuri zaidi na silikoni nyeupe inayopitisha mwanga pembeni.

Wenye sharubu wajue kwamba maji hupenya pale juu ya mdomo. Kuzipunguza kidogo au kupaka mafuta mazito ya mgando husaidia. Waliosuka wahakikishe rasta hazikai chini ya ukingo kwenye paji la uso. Kina mama wanaoogelea na ushungi wavae ule unaobana kichwa, na mdomo wa kitambaa urudi nyuma ya ukingo wa miwani. Kitambaa kikipita chini ya silikoni hata uzi mmoja, maji yatafuata uzi huo.

Wanaovaa miwani ya macho hawawezi kuivaa ndani ya hii, kwa kuwa vile vishikio vya masikioni vinatoboa njia ya maji. Kuna miwani ya kuzamia inayotengenezwa na lenzi za kipimo cha macho. Na mwenye tatizo dogo tu la kuona mbali huenda akashangaa kwamba majini anaona vya kutosha, maana vitu vimesogea karibu.

Mrija: mfupi na wa kawaida

Watu wengi tuliozungumza nao wanadhani mrija mrefu ni bora, kwamba ukiwa na bomba la mita moja utashuka chini na kuendelea kupumua. Mwanakikundi mmoja wa Mabwerebwere alishauri hata waunge na mpira wa kumwagilia bustani. Tafadhali, msijaribu.

Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni uzito wa maji. Kila mita moja unayoshuka, maji yanaongeza mkandamizo kifuani kwako kwa sehemu moja ya kumi ya ule wa hewa ya juu. Hewa iliyo kwenye bomba bado ni ya juu, haijakandamizwa. Hivyo misuli ya kifua inapaswa kusukuma uzito wote huo kila unapovuta pumzi, na haiwezi. Ya pili ni hewa chafu. Pumzi moja ya mtu mzima aliyetulia ni kama nusu lita. Unapotoa hewa, sehemu yake hubaki ndani ya bomba, na ndiyo unayoivuta tena kwanza. Bomba likiwa refu au pana mno, unavuta hewa yako mwenyewe uliyokwisha kuitumia mpaka kichwa kinauma, unazunguzwa, na unaweza kuzimia.

Ndiyo maana mrija wa mtu mzima huwa na urefu wa kama sentimita 35 hadi 40, na upana wa ndani wa kama sentimita 2. Wa mtoto huwa mfupi na mwembamba zaidi. Usimpe mtoto mrija wa mkubwa kwa hoja kwamba atakua.

Dukani utaona aina tatu. Wa kawaida ni bomba lililopinda lenye kinywa cha silikoni, basi. Wa pili una kofia ndogo juu ya kuzuia mrusho wa mawimbi, na pengine kifuniko chini cha kutolea maji ukipuliza. Wa tatu una boya dogo juu linaloziba mrija ukizama. Kwa anayeanza, tunaona wa pili unatosha. Wa tatu ni mzuri ukiwa mpya, lakini chembe ya mchanga ikikwama pale juu unaweza kuziba wakati usiotaka, na anayeanza akivuta hewa akakuta hakuna, hutaharuki.

Upime hivi: uweke mdomoni, vuta na toa pumzi mara kumi, taratibu, kwa kina. Hewa ipite kama unapumua kwa mdomo mtupu. Ukisikia unavuta kwa nguvu, acha. Huko Hawaii, watafiti waliochunguza matukio ya watu waliopata shida majini wakiwa na mirija walionya kwamba mrija unaopitisha hewa kwa shida unaweza kuchangia mapafu kuanza kujaa majimaji, hata kwa mtu anayeelea tu. Kwa hiyo mwenye shinikizo la damu, maradhi ya moyo au pumu azungumze na daktari kabla ya safari. Na mtu yeyote akianza kuhema bila sababu akiwa majini, autoe mrija mdomoni, ageuke chali na kurudi nchi kavu mara moja.

Ile inayofunika uso mzima

Hii ndiyo iliyokuwa kwenye nusu ya picha alizotumiwa mama mwenyekiti. Inafunika kuanzia paji la uso hadi kidevu, na bomba limetoka juu ya kichwa. Ilianza kuenea mwaka 2014 baada ya kampuni ya Decathlon ya Ufaransa kuitoa sokoni. Inavutia kwa sababu unapumua kwa pua kama kawaida, na unaona upana mkubwa.

Shida yake ni kwamba ile nzuri imetengenezwa na njia mbili, moja ya hewa safi inayoingia na nyingine ya hewa inayotoka. Za kuigiza zina sura hiyo hiyo, lakini ndani hewa inachanganyika, na kwa nje huwezi kutofautisha. Jambo la pili, maji yakiingia huwezi kuitema kama unavyotema kinywa cha mrija. Inabidi uivue yote kichwani, na mtu aliyetaharuki mikono haimtii. Tatu, haikuachii pua uifinye, kwa hiyo haifai kushuka nayo chini. Kwa kikundi ambacho wengi hawajui kuogelea, sisi tungeiacha.

Mapezi: yasubiri

Mapezi yanamsaidia anayejua kuogelea aende mbali kwa juhudi ndogo. Asiyejua, yanampeleka mbali tu, na kurudi ni kazi nyingine. Pia ni magumu kutembea nayo. Ukisimama nayo juu ya miamba unavunja matumbawe, ambayo ni viumbe hai vinavyokua polepole sana, mengine kwa sentimita chache tu kwa mwaka.

Ukiamua kuyanunua, chukua mafupi na laini. Yale yanayovaliwa kama kiatu, kisigino kikiwa ndani, yanafaa maji ya joto kama yetu. Yasibane vidole, na yasipwaye yakakuchubua. Jaribu ukiwa umelowesha miguu, maana ndivyo yatakavyokuwa.

Wengi watanufaika zaidi na viatu vya mpira vya bei nafuu, vile vya kuvaa mvua na jua. Kwenye maji mafupi kuna vipande vya matumbawe na wale viumbe weusi wa mviringo wenye miiba mirefu. Mwiba wao ukiingia kwenye nyayo, safari imeisha.

Jaketi okozi: hapa hakuna mjadala

Mwaka juzi mwenzetu mmoja wa studio alikwenda pwani na miwani aliyonunua barabarani. Maji yalikuwa ya kifuani tu. Miwani ikaanza kuvuja, maji yakagusa pua, akavuta pumzi kwa mshtuko, akameza maji ya chumvi, miguu ikateleza. Hakukuwa na wimbi wala mkondo. Aliyemshika mkono ni kijana wa boti aliyekuwa karibu. Mwenzetu anasimulia kwa kicheko sasa, lakini anakiri kwamba katika sekunde zile alisahau kabisa kuwa angeweza kusimama.

Ndivyo inavyokuwa kwa wengi. Tatizo huanza dogo, likikutana na hofu likawa kubwa. Jaketi okozi halimzuii mtu kutazama samaki. Kinyume chake, asiyejua kuogelea akilivaa huelea juu bila kupigana na maji, anatulia, na aliyetulia ndiye anayeona. Lifungwe vifungo vyote. Mvute mabegani kwenda juu: likipanda hadi masikioni ni kubwa kwake au halijafungwa. Maboya ya kupuliza ya watoto, madumu na mipira ya magari si mbadala, kwa kuwa huponyoka mkononi.

Jaribu nyumbani kwanza, lakini si mtoni

Miwani mpya ina utando wa kiwandani unaoshika ukungu. Paka dawa ya meno ya kawaida upande wa ndani wa kioo, sugua kwa kidole, suuza, na rudia mara mbili au tatu. Siku ya kuingia majini, mate kidogo au tone la shampuu ya watoto, kisha suuza haraka. Wavuvi wa pwani hutumia mate, nayo hayana bei.

Mazoezi ya kwanza yafanyie kwenye beseni pana lenye maji safi. Vaa miwani, weka mrija mdomoni, inamisha uso, upumue kwa mdomo dakika tano. Utaona mwili unavyokataa mwanzoni, halafu unakubali. Kisha ingiza maji kidogo ndani ya mrija kwa makusudi na uyapulize nje kwa pumzi moja kali. Anayeweza hilo kwenye beseni hatashtuka wimbi dogo likimrushia maji. Baada ya hapo, kama mnaweza kupata bwawa la hoteli Mikumi au Morogoro mjini, kaeni upande wa maji mafupi na mtu anayejua.

Tusichokubali ni kujaribia mtoni. Mto Wami una mamba na viboko. Mkondoa sote tunaujua unavyobadilika mvua zikinyesha huko juu, na mafuriko ya Kilosa ya kati ya Desemba 2009 na Januari 2010, yaliyobomoa hadi reli, wengi tunayakumbuka. Malambo na maji yaliyotuama yanaweza kuwa na kichocho. Na maji yenyewe ni ya tope, hakuna utakachoona.

Kununua, kukodi au mitumba

Kinywa na ukingo wa vifaa vya mtumba uvute kidogo. Ukinata mkononi, una nyufa, au una alama za meno zilizopenya, achana navyo. Kilicho kizima kiosheni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Kukodi ufukweni ni nafuu kwa safari ya siku moja, ila pima miwani kwa njia ile ile ya kuvuta pumzi, na omba mrija usafishwe kwa dawa mbele yako. Ukibebwa na haraka ya boti ukachukua iliyobaki, utaichukia bahari bila kosa lake.

Baada ya kuogelea suuza vyote kwa maji yasiyo na chumvi, anika kivulini, na usifungie kwenye gari lililoko juani.

Siku yenyewe

Mbudya, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, ni maeneo tengefu ya bahari tangu mwaka 1975, na yako chini ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Kuna ada ya kuingia na kuna masharti: usivunje matumbawe, usiokote konokono wala makombe. Boti nyingi za Mbudya huondokea upande wa Kunduchi. Kabla ya kupanda, hesabuni majaketi na hesabuni watu.

Muulizeni nahodha maji yanajaa au yanakupwa saa ngapi, na upande gani hauna mkondo. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji huenda na kurudi kwa nguvu zaidi. Katikati ya mwezi na mwandamo maji hutulia. Msimu wa kaskazi, Novemba hadi Februari, bahari huwa safi na tulivu kuliko wakati wa kusi. Vaeni fulana ya mikono mirefu, maana anayeelea kifudifudi huunguzwa mgongo bila kujua. Ingieni wawili wawili, na mmoja wenu abaki ufukweni akihesabu vichwa. Aliyekunywa pombe asiingie.

Tulichomjibu mama mwenyekiti

Tulimpigia tena jioni. Tukamwambia: seti 14, hapana. Hamtaingia majini wote kwa wakati mmoja, na haifai muingie hivyo. Nunueni miwani nne au tano za silikoni zenye maumbo tofauti, kila mtu aipate moja inayomkaa. Mrija kila mtu awe na kinywa chake, kwa usafi. Mapezi, wale watatu wanaojua kuogelea wajikodishie wenyewe wakitaka. Pesa itakayobaki iende kwenye majaketi okozi 11, ya kukodi, na mtu mmoja wa kuwaongoza majini. Na msitume pesa kwa picha. Mkishuka Dar es Salaam, pitieni dukani, mjaribu usoni.

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Na yule wa nne anayesema anajua?"

"Mama, naye avae jaketi mpaka mumwone."

Akacheka, akasema atamwambia ni amri ya redio. Iwe hivyo. Wakirudi, tutawaita studio watusimulie walichokiona, na wewe msikilizaji wetu ukiwa na safari kama hiyo, tupigie kabla hujalipa.